Vizibo 39

Mhariri wa gazeti letu amenifuata mara tatu muhula huu akitaka niandike kitu juu ya hesabu, maana anasema kurasa zetu zimejaa mashairi na habari za mpira, na hesabu imewekwa kando kama mtoto wa kambo. Mara mbili za kwanza nilimkwepa. Mara ya tatu nikamwambia kwamba habari ya hesabu ninayoijua vizuri ni habari ya aibu yangu mwenyewe. Akasema, "Basi hiyo hiyo." Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, na hasa ninyi wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza, nivumilieni.

Sasa niko Kidato cha Nne. Mambo haya yalitokea nilipokuwa Kidato cha Pili, muhula wa kwanza, tulipofika kwenye milinganyo ya kipeo cha pili. Kwa asiyejua, huu ni mlinganyo ambao ndani yake ile namba isiyojulikana, nasi twaiita x, imezidishwa kwa yenyewe. Mlinganyo wa kawaida kama x + 7 = 12 hata mtoto wa shule ya msingi huutatua kwa kutoa 7. Lakini chukua x² + 10x = 39. Ukiihamisha 10x, x inabaki pande zote mbili. Ukigawanya kwa x, basi x inakwenda kukaa chini ya 39. Ukiifukuza mlangoni, inaingia dirishani.

Mwalimu wetu alitufundisha njia tatu: kutafuta vigawo, kukamilisha mraba, na kutumia kanuni. Masomo yetu, kama mjuavyo, hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu wakati ule kilikuwa kama suruali ya kaka: nimeivaa, lakini haijanikaa. Niliposikia kwamba mraba unakamilishwa, niliyaandika maneno yale daftarini kwa mwandiko mzuri sana, nisijue ni mraba upi, wala umepungukiwa na nini. Nikaona afadhali niikariri ile kanuni. Niliiimba nikienda kisimani, nikaiimba nikirudi.

Lakini niliikariri vibaya. Katika kanuni ile, mambo yote ya juu hugawanywa kwa 2a. Mimi niligawanya kile kipeuo tu, na ile hasi b nikaiacha nje peke yake. Basi nikipewa x² − 6x + 8 = 0, wenzangu walipata 4 na 2, mimi nikapata 7 na 5. Wala sikujua kwamba jibu la hesabu ya namna hii hujaribiwa kwa kulirudisha lilikotoka. Weka 7: 49 toa 42, ongeza 8, utapata 15, wala si sifuri. Kazi hiyo haichukui hata nusu dakika. Sikuifanya hata siku moja.

Kwenye dawati langu nilikaa na kijana mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuwa hodari, nafasi ya tatu darasani, ilhali mimi nilikuwa wa 31. Kwao ni mbali, na aliyemnunulia sare na madaftari na kumlipia chumba karibu na shule alikuwa mjomba wake, mwenye mashine ya kusaga. Mjomba alimpa sharti moja: akiwa katika kumi wa kwanza, ataendelea kulipiwa. Akitoka nje ya hao, atarudi kusaidia mashine. Mwenzangu aliniambia habari hiyo mwenyewe siku moja tukila mihogo, akaicheka, nami nikacheka pamoja naye.

Ukaja mtihani wa mwisho wa muhula. Swali la saba lilikuwa hili: urefu wa bustani unazidi upana wake kwa mita 2, na eneo lake ni mita za mraba 15, tafuta upana. Siku ile mwenzangu aliamka na homa. Aliandika vizuri kwamba x(x + 2) = 15, kisha akaandika kwamba basi x = 15, au x + 2 = 15, yaani x = 13. Hili ni kosa la mtu mwenye haraka. Mimi sikuwa na homa wala haraka. Nilikuwa na karatasi tupu, na jicho la kushoto. Nikaandika vile vile, 15 na 13, mstari kwa mstari. Na si swali hilo moja tu.

Mwalimu aliporudisha karatasi alishika mbili mkononi. Akasema, "Humu darasani wako watu wawili wenye bustani ya mita za mraba 15, na upana wake ni mita 15. Tena urefu wake ni mita 17. Bustani hiyo ni mita za mraba 255. Sijui ile 240 wameiba shamba la nani." Darasa likacheka sana. Kisha akatusimamisha, akauliza ni nani aliyeangalizia kwa mwenzake.

Nilitazama kucha zangu. Mwenzangu alinitazama mara moja, kisha akatazama ubao. Hakusema neno. Mwalimu akauliza mara ya pili, akangoja, halafu akatuandikia sifuri wote wawili, karatasi nzima.

Mimi nilitoka nafasi ya 31 nikaenda 38. Nyumbani hapana aliyeona tofauti. Mwenzangu alitoka ya tatu akaenda 22.

Katika likizo mama alinituma kusaga debe la mahindi. Kumbe mashine ya karibu ilikuwa imeharibika, ikanibidi niende ile ya ng'ambo ya mto, nami sikukumbuka ni ya nani mpaka nilipofika mlangoni. Alikuwa ndani, mweupe kwa unga kuanzia nyusi hata miguuni. Alilipokea debe, akapima, akasaga, akanirudishia chenji yangu kamili. "Karibu tena," akasema, kama anavyomwambia mteja yeyote. Laiti angalinitukana.

Jioni ile sikuweza kula vizuri. Mdogo wangu wa kike, ambaye wakati ule alikuwa Darasa la Pili, alikuwa amekaa ukumbini na kopo lake la vizibo vya soda, akifanya hesabu za kuzidisha alizopewa na mwalimu wake. Ana vizibo vingi sana, maana huviokota dukani kila siku. Nilikaa karibu naye kwa kukosa pa kwenda. Nikakumbuka mfano uliokuwa katika daftari langu, ule niliouandika kwa mwandiko mzuri: mraba na x kumi ni sawa na 39. Nikamwambia, "Hesabu vizibo 39. Sasa panga mraba, halafu panga mistari 10, na kila mstari uwe na urefu sawa na upande wa mraba wako. Visibaki, wala visipungue."

Alijaribu upande wa 2. Mraba ulikula 4, mistari ikala 20, vikabaki 15. Akajaribu upande wa 4, mraba ukala 16, na vizibo vikamwishia mistari haijafika sita. Akajaribu 3. Mraba ukala 9, mistari ikala 30, vikaisha sawasawa. Akapiga makofi. Aliutatua mlinganyo wa Kidato cha Pili kwa kubahatisha, na kubahatisha kwake kulikuwa na heshima kuliko kanuni yangu, kwa kuwa kila mara alijaribu jibu lake.

Kisha akafanya jambo ambalo sikumwambia. Ile mistari kumi ilikuwa imezagaa, naye hapendi kitu kizagae. Akachukua mitano akaibandika upande wa kulia wa mraba, na mitano mingine akaibandika chini. Umbo likatokea, kubwa, karibu kuwa mraba, ila pembe moja ilikosekana. Akaliangalia akasema, "Kaka, hapa pana shimo."

Nikaliangalia shimo lile. Mistari mitano huku, mitano huku. Shimo lilikuwa la vizibo 5 kwa 5, yaani 25. Tukalijaza. Vizibo 39 na 25 ni 64. Na 64 ni mraba wa 8 kwa 8, kila upande umenyooka. Upande wa 8, ukitoa ile 5 tuliyoibandika, unabaki 3.

Sina hakika kama nitaweza kuwaeleza hali niliyokuwa nayo. Huo ndio mraba uliokuwa ukikamilishwa muda wote ule! Ile nusu ya 10 ambayo mwalimu alitwambia tuichukue, tuizidishe kwa yenyewe, tuiongeze pande zote mbili, ilikuwa ni kule kuigawa mistari mafungu mawili na kuliziba shimo. Nilikuwa nimeandika agizo hilo mara ishirini. Nilikwenda kuchukua kalamu, nikajaribu ile bustani ya mtihani. Mraba na x mbili ni 15. Mstari mmoja kulia, mmoja chini, shimo ni la kizibo 1. Jumla 16, upande wa 4, toa 1, upana ni mita 3. Urefu ni mita 5. Tatu mara tano ni 15. Kumbe ilikuwa bustani ndogo tu ya mchicha.

Usiku nikawa naiona ile bustani yetu ya uongo, na mwenzangu ndani yake akipepeta unga.

Shule ilipofunguliwa mwenzangu hakuwapo. Siku ya pili pia hakuwapo. Siku ya tatu nikaenda ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Una nini?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini yalipofika mdomoni yakawa machache: mimi ndiye niliyeangalizia, yeye hakujua. Mwalimu aliweka kalamu chini, akanyamaza muda mrefu. Nilitazamia fimbo, au kuitwa kwa mzazi. Badala yake akanisukumia kipande cha karatasi. "Nieleze kwa nini 15 na 13 si kweli," akasema. "Usiniambie jibu la kweli. Nataka uniambie kwa nini lile ni la uongo."

Hapo nilifikiri kwa mara ya kwanza. Nikasema: mambo mawili yakizidishwa yakawa sifuri, lazima mojawapo ni sifuri, maana hapana njia nyingine ya kuipata sifuri. Lakini yakizidishwa yakawa 15, hayo mawili yaweza kuwa 3 na 5, au 1 na 15, au 2 na 7 na nusu, wala hapana ajuaye. Kwa hiyo haifai kuifanya kila moja kuwa 15. Sharti kwanza ile 15 ihamishwe, ibaki sifuri upande mmoja: x² + 2x − 15 = 0. Ndipo vigawo vina maana, (x + 5) na (x − 3), na majibu ni 3 au −5. Mwalimu akauliza, "Na hiyo hasi 5?" Nikasema bustani haiwezi kuwa na upana wa hasi mita 5, tunaiacha. Akasema, "Kwa bustani, ndiyo. Kwa mlinganyo, usiiache. Ijaribu." Nikaijaribu: hasi 5 mara hasi 3 ni 15. Ni kweli kabisa.

Akasema, "Kesho utayaeleza yote mawili mbele ya darasa, hesabu na habari yake." Nikayaeleza. Sitaki kuandika zaidi juu ya dakika zile.

Ripoti zilikwisha kutumwa, na hazikuweza kurudi. Lakini mwalimu aliandika barua kwa mjomba wa mwenzangu, akasema mimi mwenyewe niipeleke. Jumamosi nikavuka mto. Mjomba aliisoma polepole, akaikunja, akaisoma tena.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mjomba."

"Hiyo hesabu yenyewe mliyogombania ina kazi gani?"

Nilishindwa kumjibu. Ningaliweza kumwambia kwamba jiwe likirushwa juu hufuata njia ya kipeo cha pili mpaka litue, lakini wakati ule nilikuwa sijafundishwa. Akangoja jibu, na alipoona halipo akanipa ufagio. Nilifagia mashine ile Jumamosi nne. Mwenzangu alirudi shuleni juma lililofuata, akaenda kukaa dawati la mbele, mbali nami.

Katika majuma hayo mwalimu alinipa ruhusa ya kusoma vitabu vyake, nami, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, nikasoma. Nikakuta kwamba mfano wa mraba na kumi kuwa 39 si wa mwalimu wetu, wala si wa Waingereza. Ni wa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mtaalamu aliyefanya kazi Baghdad wakati wa Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 mpaka 833. Kitabu chake cha mnamo mwaka 820 ndicho kilichotupa neno aljebra, kwa kuwa jina lake lina neno la Kiarabu al-jabr, yaani kurudishia kitu kilichopungua. Kwa Kiarabu neno hilo pia hutumika kwa kazi ya kuunga mfupa uliovunjika. Kitabu kizima hakina x hata moja. Kila hesabu imeandikwa kwa maneno, kama barua: mraba na mizizi yake kumi ni dirhamu thelathini na tisa. Kisha akachora picha, na picha yake ndiyo ile ya vizibo vya mdogo wangu, pamoja na shimo lake la 25. Mwaka 1145 Mwingereza mmoja, Robert wa Chester, akakifasiri kwa Kilatini huko Hispania, na Wazungu wakaanza kujifunza humo. Sisi tunaolalamika kwamba hesabu ni lugha ya kigeni tukumbuke kwamba hata neno hili "hesabu" tumelipata kwa Waarabu, nalo twalitumia sokoni kila siku bila kuona ugeni.

Al-Khwarizmi naye hakuwa wa kwanza. Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, liko bamba la udongo la Babeli, la miaka ipatayo 3,800 iliyopita, na hesabu yake ya kwanza ni hii: eneo la mraba na upande wake nikiyajumlisha napata robo tatu. Mwandishi wake anaagiza uchukue moja, uivunje nusu, uzidishe nusu kwa nusu upate robo, uiongeze kwenye robo tatu. Imekuwa moja. Moja ni mraba wa moja. Toa ile nusu. Upande ni nusu. Jaribuni wenyewe, mtaona ni shimo lile lile.

Nilipenda pia jambo moja la juzi juzi. Mwaka 2019 Po-Shen Loh, mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alieleza namna ya kufundisha milinganyo hii bila kubahatisha vigawo, naye mwenyewe akasema kwamba mawazo yenyewe ni ya kale. Katika x² + 10x − 39 = 0 majibu mawili yakijumlishwa lazima yawe −10, kwa hiyo katikati yao ni −5, nayo yamesimama mbali sawa kutoka hapo, moja huku na moja kule. Umbali huo uite u. Zao lao ni 25 toa u², nalo lazima liwe −39. Basi u² ni 64, na u ni 8. Kutoka −5 panda hatua 8, uko 3. Shuka hatua 8, uko −13. Tazama jinsi 64 ilivyorudi tena.

Hiyo −13 ndiyo iliyonirudishia mwenzangu, kwa namna yake. Ilikuwa mwezi wa Septemba, nikiwa nimepanga vizibo juu ya dawati langu, nikiwaonyesha wawili watatu waliotaka. Akapita, akasimama nyuma. "Hivyo vizibo ni vya chekechea," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu "karibu tena". Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Nionyeshe −13 kwa vizibo."

Sikuweza. Al-Khwarizmi pia hakuionyesha, maana yeye hakuyahesabu majibu hasi kuwa majibu, ingawa huko Bara Hindi Brahmagupta alikuwa amekwisha kutoa kanuni za namba hasi mwaka 628. Nilimwambia hayo. Akasema, "Basi wewe na al-Khwarizmi wako mmekosa nusu ya majibu." Kisha akavuta kiti, akaandika x² + 4x + 5 = 0, akanisukumia karatasi. Nikapanga: mraba na x nne ni hasi 5. Mistari miwili kulia, miwili chini, shimo la 4. Hasi 5 na 4 ni hasi 1. Tukatafuta mraba wenye vizibo hasi 1, mpaka kengele ikalia. Tulikwenda pamoja kwa mwalimu. Alicheka, akasema namba za kutatua huo zipo, lakini tutazikuta baadaye tukifika huko mbele, na tusimwulize tena mpaka Novemba ipite.

Novemba ilipita, na mtihani wa taifa tukaushinda wote wawili. Mjomba wake aliendelea kulipa. Mimi sasa ni wa tisa darasani, na yeye ni wa pili. Tangu Kidato cha Tatu tunakaa tena dawati moja, ila siku za mtihani huhamia mbele mwenyewe bila kuambiwa, nami sijamwuliza sababu. Mdogo wangu amedai vizibo vyake. Nimemrudishia 64, naye anashikilia kwamba vilikuwa 67.